Tangi la matumbawe: pima chumvi kabla ya kununua dawa

Mwezi huu nimeulizwa swali moja mara tatu. Mara mbili lilikuja kwa simu, na mara ya tatu nililetewa mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Ijumaa, viatu vikiwa bado mkononi. Kijana alinishika bega akasema, "Ustadh, matumbawe yangu yamefumba siku ya nne sasa. Niongeze dawa gani?"

Nilimjibu usiongeze kitu. Hakupendezwa, na simlaumu. Mtu aliyetumia akiba yake kununua kioo, pampu na taa hataki kuambiwa akae mikono mitupu huku wanyama wake wanakufa. Na ni wanyama kweli, si mawe wala mimea. Tumbawe kwa kawaida ni mkusanyiko wa viumbe vidogo laini, na maji yakiwaudhi hujikunja ndani wakangoja. Wakingoja sana hufa, na mmoja akioza ndani ya tangi dogo huwaharibia wenzake maji. Ndiyo maana nimeona niandike yote mahali pamoja, nikianzia na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi nilikuwa na tangi la lita 200 sebuleni, samaki wanne na vipande kumi na kimoja vya matumbawe nilivyopewa na rafiki anayevikuza na kuvigawa. Vikaanza kufumba kimoja kimoja. Nikapima: kalsiamu miligramu 330 kwa lita, magnesiamu 1,030, ualkali 5.5 kwa kipimo cha dKH. Vitabu vyote vinasema kalsiamu iwe kati ya 400 na 450, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, na ualkali 7 hadi 9. Nikaona tatizo si moja, ni matatu. Nikaagiza chupa tatu, na kwa wiki tatu nikawa mfamasia wa nyumba: asubuhi kalsiamu, adhuhuri magnesiamu, usiku soda. Namba zilipanda kidogo. Vipande vikaendelea kufa mpaka vikafika saba.

Aliyeniokoa ni ami yangu, mvuvi aliyestaafu, ambaye hajui dKH ni mnyama gani. Alikuja kututembelea siku ya Idi, akachovya kidole kwenye tangi, akakionja (sikushauri uige), akasema, "Mwanangu, haya si maji ya bahari. Haya ni maji ya hori wakati wa masika."

Haidromita yangu ilikuwa ikisema 1.025, yaani chumvi iko sawa. Nikaazima rifraktomita kwa rafiki yangu. Ikasoma gramu 28 kwa kila kilo ya maji, na bahari yetu ina karibu gramu 35. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Ishirini na nane ni asilimia 80 ya thelathini na tano. Kalsiamu ya bahari ni karibu 410, na asilimia 80 yake ni 328. Magnesiamu ni karibu 1,290, asilimia 80 yake ni 1,032. Ualkali wa bahari ni kati ya 6.5 na 7, nao ukipungua hivyo unakuwa 5.2 hadi 5.6. Sikuwa na matatizo matatu. Nilikuwa na moja tu, maji yaliyozimuliwa, na chupa zote zile nilikuwa namtibu mgonjwa wa kiu kwa vidonge vya kichwa.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka ulichukue hapa. Kalsiamu, magnesiamu na ualkali vikiwa chini vyote kwa uwiano mmoja, weka chupa chini utazame chumvi. Vikiwa juu vyote kwa uwiano mmoja, pia tazama chumvi. Kikiwa chini kimoja peke yake, hapo ndipo una haki ya kukishuku hicho kimoja.

Chumvi ilikuwa imekwenda wapi? Nyuma ya kabati, kwenye kiungo cha bomba la pampu, palikuwa na ganda jeupe kama chokaa kavu. Maji ya chumvi yalikuwa yakitoka tone kwa tone, labda vikombe viwili kwa siku, nami kila asubuhi najaza hadi alama kwa maji baridi nikidhani ni mvuke tu umepungua. Na maji mapya ya kubadilishia nilikuwa nayachanganya kwa haidromita hiyo hiyo yenye uongo. (Ndiyo, mtu wa Mombasa ananunua chumvi ya bahari kwa pakiti. Mke wangu hajaacha kunicheka. Lakini ukichota maji karibu na mji, hasa baada ya mvua, unachota na yanayotoka mitaroni.)

Kipimo nacho hupimwa

Haidromita ya mkono unaoelea hudanganywa na vitu viwili, viputo vya hewa vinavyong'ang'ania mkono na chumvi iliyokauka kwenye egemeo lake. Ioshe kwa maji baridi kila ukimaliza, iroweke katika siki mara moja moja, na kabla ya kusoma igonge taratibu viputo vitoke. Ukiweza nunua rifraktomita, na usiiamini kwa kuwa tu inasoma sifuri kwenye maji safi. Inaweza kuwa sawa kwenye sifuri na ikakosea kule juu unakokuhitaji.

Dawa ya kuijaribu unaitengeneza jikoni. Pima gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu kwa mizani ya kidijitali, uiyeyushe katika gramu 963.5 za maji safi yasiyo na madini. Mchanganyiko huo rifraktomita inatakiwa iusome 35. Ikisoma vingine, zungusha skurubu yake mpaka ifike hapo. Usitumie mchanganyiko huo kujaribu haidromita, kwa sababu yenyewe hupima uzito wa maji, si kupinda kwa mwanga, na chumvi ya mezani peke yake haifanani na chumvi ya bahari katika mambo yote mawili kwa kiasi kimoja.

Ukigundua chumvi imeshuka, irudishe polepole. Mimi nilipandisha isiyozidi 0.001 kwa siku, kwa kujazia maji ya chumvi badala ya maji baridi. Ilinichukua zaidi ya wiki. Vipande vinne vilivyobaki vilianza kufunguka siku ya sita, alhamdulillah, kabla sijaongeza hata tone la kitu kingine.

Maji unayojazia

Kaskazi ikivuma na feni ikipuliza juu ya tangi, lita 200 zinaweza kupoteza lita tatu kwa siku. Kinachoondoka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Ukienda bara wiki moja bila kumwachia mtu kazi, umepoteza lita 21, na chumvi imepanda kutoka 35 hadi 39. Kwa hiyo panapopungua kwa mvuke pajazwe maji baridi, na panapopungua kwa kuvuja au kuchota pajazwe maji ya chumvi. Sentensi hiyo nimeibandika kwenye kabati.

Lakini maji baridi gani? Visima vyetu vingi vya kisiwani na Pwani vimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe ya kale. Maji yake ni magumu, mara nyingi yana chumvichumvi, na mitaa iliyosongamana vyoo vya shimo viko hatua chache tu kutoka kisimani, hivyo naitreti huingia. Ukijazia maji hayo kila siku, kila siku unamimina kidogo cha vyote hivyo, na hakuna kinachotoka. Miezi sita baadaye unashangaa mwani wa kijani umetoka wapi. Maji ya bomba yana klorini, na siku yakirudi baada ya mgao huja na rangi ya bomba lenyewe.

Wengi wetu tunanunua kwenye vituo vya kujaza mitungi ya lita 20. Ni sawa, lakini uliza mambo mawili: je, yamepita kwenye mashine ya kuondoa chumvi, na je, yameongezwa madini baada ya hapo ili yawe matamu kunywa? Kijipimo cha madini cha kidijitali hakina gharama kubwa. Maji yakisoma chini ya 10, chukua. Yakisoma 80, yanywe mwenyewe.

Bahari ndiyo kipimo chetu

Hapa ndipo sisi watu wa Pwani tumebarikiwa kuliko mfugaji wa London au Chicago. Yeye akitaka kujua kama vipimo vyake vya kalsiamu vinasema kweli, hununua chupa ya maji ya kulinganishia. Sisi tunayo, ni kuomba tu. Ninaye mvuvi ninayemjua, na mara moja kila baada ya miezi michache akitoka na mashua humpa chupa safi ya lita moja. Ninamwambia achote nje ya mwamba, kwenye maji marefu ya buluu, wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, si wakati wa masika, na aizamishe chupa chini ya uso wa maji mpaka ijae isibaki hewa. Ndani ya mwamba hapafai sana, kwa sababu matumbawe yenyewe yamekwishachukua sehemu ya ualkali.

Nikifika nyumbani napima chumvi ya maji yale kwanza. Ikiwa 35, basi kalsiamu ikaribie 410, magnesiamu 1,290, ualkali 6.5 hadi 7. Mara moja kipimo changu cha kalsiamu kilinipa 340 kwa maji hayo. Bahari ya Hindi haikuwa imepungukiwa kalsiamu. Dawa ya kipimo ilikuwa imepitwa na wakati, na lau si ile chupa ningekuwa nimemimina tena. Chupa yangu huishi kwenye friji na kwa vitu hivyo vitatu hunifaa wiki kadhaa. Kwa naitreti na fosfeti haifai, hivyo hubadilika.

Tumbawe ni chokaa

Anayetaka kuelewa kalsiamu na ualkali akatazame ukuta wa nyumba ya zamani ya Lamu au Mji wa Kale. Wazee walivunja mawe ya matumbawe, wakayachoma, wakapata chokaa ya kupakia. Tumbawe gumu linafanya kinyume chake: huchukua kalsiamu na bikaboneti zilizoyeyuka majini, likajijengea ukuta. Ualkali ni kipimo cha hiyo sehemu ya pili. Kwa kila dKH 1 inayotumika, kalsiamu hupungua karibu miligramu 7 tu kwa lita. Ndiyo maana ualkali huanguka upesi, kutoka 8 hadi 6, huku kalsiamu ikionekana haijaguswa. Pima ualkali mara mbili kwa wiki na saa ile ile. Kalsiamu mara moja inatosha.

Ukiwa umeshahakikisha chumvi, na ualkali peke yake uko chini, soda ya kupikia inafaa. Gramu 3 katika lita 100 hupandisha karibu dKH 1. Iyeyushe katika maji safi, imwage polepole penye mkondo wa pampu, na usizidishe dKH 1 kwa siku. Soma pakiti: soda ya kupikia si beking poda, na si magadi. Dada mmoja aliniuliza kama magadi ya kuchemshia maharagwe yanafaa maana "yote ni soda". Hayafai. Ni makali zaidi, na magadi yetu ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi.

Ukiweka soda na kalsiamu wakati mmoja mahali pamoja, utaona theluji nyeupe inashuka majini. Hiyo ni chokaa imeganda nje ya tumbawe, na vyote viwili vimepotea. Acha saa kadhaa kati yake. Na kama unaongeza ualkali kila siku nao haukai, na pampu inajaa ganda gumu, pima magnesiamu. Ndiyo inayozuia hivyo viwili visigande ovyo, ikiwa chini utakuwa unajaza pakacha.

Kuna njia moja kongwe ninayoipenda: maji ya chokaa. Chokaa iliyozimwa, karibu gramu moja na nusu kwa lita ya maji safi, inatikiswa, inaachwa itulie, na maji yake meupe ya juu yaliyong'aa hutumiwa kujazia, tone kwa tone usiku. Huleta kalsiamu na ualkali pamoja kwa uwiano sawasawa na linavyotumia tumbawe. Itafute ile safi inayouzwa kwa ajili ya vyakula, si ya mafundi, na wala si ile ya tambuu ya bibi, ambayo huwezi kujua imechanganywa na nini. Ni kali, hupandisha pH kwa haraka. Ikimwagwa kwa mkupuo mmoja huua.

pH yenyewe nitaipita upesi, kwa sababu inawatia watu hofu kuliko inavyostahili. Asubuhi kabla ya taa huwa chini, jioni huwa juu, na kati ya 7.8 na 8.4 sina wasiwasi. Ikiwa chini daima, chota kikombe cha maji, kitoe barazani, kipigie hewa kwa pampu ndogo saa nzima, upime tena. Ikipanda, tangi halina kosa. Chumba kimefungwa kwa ajili ya AC na kimejaa pumzi za watu. Fungua dirisha. Isipopanda, rudi kwenye ualkali.

Stima ikipotea

Amonia ndiyo pekee ninayoikimbilia usiku. Kinyesi na chakula kilichobaki huwa amonia, bakteria walio kwenye mawe huigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti, na tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kabla bakteria hao hawajatosha. Tangi kongwe halitakiwi kuonyesha amonia hata kidogo. Ikionyesha, tafuta maiti: konokono aliyekufa nyuma ya jiwe, samaki aliyepotea. Au kumbuka kama stima ilipotea usiku. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo, na pampu zikisimama bakteria na samaki hushindania hiyo hiyo. Ninayo pampu ya hewa ya betri, na kabla sijaipata nilikuwa nachota na kumimina kwa kata, kutoka juu, kila baada ya dakika chache mpaka alfajiri. Ilisaidia. Ukikuta amonia, badilisha sehemu ya maji kwa maji yenye chumvi na joto lile lile, acha kulisha siku mbili, na usipandishe pH, kwa sababu amonia huwa na sumu zaidi pH na joto vikiwa juu.

Naitreti na fosfeti ni mambo ya mkono unaolisha. Kubadilisha maji asilimia 20 hushusha naitreti kutoka 40 hadi 32 tu, kwa hiyo usitarajie ndoo moja ifute miezi ya kulisha kupita kiasi. Suuza chakula kilichogandishwa kabla ya kukitia. Lakini usivikimbize mpaka sifuri pia. Tumbawe lililopauka katika maji yasiyo na chochote lina njaa. Na dawa ya samaki yenye shaba isiingie kamwe: samaki atapona, lakini matumbawe, kamba na konokono watakwisha.

Kuna jambo moja sikumwambia yule kijana pale msikitini kwa sababu watu walikuwa wengi. Aliponiaga alisema yakifa yote ataingia mwambani achukue mengine, bure. Ndani ya hifadhi zetu za bahari, za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, kuchukua chochote ni kosa, na matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Lakini sheria kando. Joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Pwani hii, na kuna miamba ambayo ami yangu akiitaja huitaja kwa wakati uliopita. Mimi niliua vipande saba kwa sababu ya haidromita chafu. Vingekuwa vimetoka mwambani, ningekuwa nimemwibia mvuvi nyumba ya samaki wake. Nimempigia kijana simu jana nikamwambia hayo, na nikampa kazi ya kupima chumvi. Ilikuwa 40. Hakuwa na mtu wa kumjazia maji alipokwenda harusini Tanga.

Na ukiweka chupa ya bahari kwenye friji, iandike kwa kalamu nene. Ramadhani iliyopita, adhana ya Magharibi imeshaadhiniwa, shemeji yangu aliifungua akapiga funda kubwa. Hakunisemesha mpaka tarawehe.